Mali Ilikuwa na Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutajwa pale ambapo mali imekwisha kutoweka na hapana awezaye kueleza ilikokwenda: chama cha ushirika kilichofilisika, mchango wa harambee usio na stakabadhi, urithi uliogawanywa nyuma ya pazia. Ni nadra, hata hivyo, kumsikia mtu akiuliza swali la pili, ambalo methali yenyewe haikulijibu. Je, mali ikiwa na daftari, tena daftari lililoandikwa kwa uangalifu na kupigwa mihuri yote, haiwezi kupotea? Na ikipotea, habari zake humfikia nani?

Swali hilo lilijibiwa kwa gharama kubwa katika nchi zilizokuwa za kikomunisti barani Ulaya baada ya 1989, wakati serikali zao zilipolazimika kurekebisha maelfu ya viwanda vya umma kwa mpigo. Miongoni mwa nchi hizo, Ujerumani Mashariki ina kisa cha pekee. Katika muda usiozidi miaka mitano, taasisi moja ilikabidhiwa makampuni yapatayo 8,000 yaliyoajiri watu takribani milioni 4, ikayagawanya, ikayauza, ikayafunga, kisha yenyewe ikajifunga. Kila hatua iliandikwa. Nyaraka zilizobaki, zikipangwa rafuni bega kwa bega, hujaza kilomita nyingi. Hata hivyo, zaidi ya miaka thelathini baadaye, wapo wazee wa Saxony na Thuringia ambao bado wanauliza viwanda vyao vilikwenda wapi. Kisa hiki kinastahili kutazamwa na wapenzi wa lugha pamoja na wanauchumi, kwa sababu ugomvi wake tangu mwanzo ulikuwa pia ugomvi juu ya maana ya maneno.

Neno la kwanza ni lile lililoandikwa kwenye malango ya viwanda vya Ujerumani Mashariki: Volkseigener Betrieb, kwa ufupi VEB, yaani kiwanda kilicho mali ya watu. Watu wenyewe hawakuwa na hisa wala hati. Aliyepanga kizalishwe nini, kwa bei gani na kiuzwe wapi ni Tume ya Mipango ya Serikali jijini Berlin, na juu yake chama tawala. Mwenye mali hakuweza kuliuza fungu lake, wala kulikataa. Lakini ingekuwa kosa kuyaona maneno hayo kuwa porojo tupu. Kiwanda kikubwa kilikuwa na shule ya chekechea, zahanati, mkahawa wa chakula cha mchana, nyumba ya mapumziko, kwaya na timu ya kandanda. Mfanyakazi aliweza kuingia langoni akiwa kijana mbichi na kutoka akiwa babu. Kwa mtu wa aina hiyo, maneno 'mali ya watu' yalikuwa na uzito ambao haukuandikwa katika sheria yoyote.

Wasemaji wa Kiswahili hawakuwa mbali sana na nchi hiyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza nje ya kambi ya kikomunisti kuitambua rasmi Ujerumani Mashariki, na majengo ya ghorofa ya Kikwajuni na Kilimani mjini Unguja yalijengwa kwa msaada wake. Aliyeyatazama majengo yale angedhani kwamba nchi iliyoweza kuyajenga ng'ambo ya bahari ilikuwa na viwanda imara nyumbani. Ukweli ulikuwa tofauti. Mwishoni mwa Oktoba 1989, Gerhard Schürer, mkuu wa Tume ya Mipango, aliwaeleza viongozi wa chama kwa maandishi kwamba nchi ilikuwa imezama katika madeni ya kigeni, kwamba mitambo mingi ilikuwa imechakaa, na kwamba tija ya kazi ilikuwa nyuma sana ya ile ya Ujerumani Magharibi. Siku chache baadaye, tarehe 9 Novemba, Ukuta wa Berlin ulifunguliwa. Yeyote anayewalaumu warekebishaji pekee hana budi kukumbuka kwamba walimpokea mgonjwa aliyekuwa mahututi.

Neno la pili ni jina la taasisi iliyokabidhiwa mgonjwa huyo: Treuhandanstalt. Kwa Kijerumani, treu ni aminifu, Hand ni mkono, na Anstalt ni taasisi. Kiswahili kina neno lililokomaa kwa dhana hii, nalo ni amana. Amana ni mali ya mtu iliyowekwa mikononi mwa mwingine ili aihifadhi, na sharti lake hufahamika hata na mtoto: aliyeweka ndiye mwenyewe, na siku akiuliza hujibiwa. Wazo hilo ndilo alilokuwa nalo Wolfgang Ullmann, mwanatheolojia na mwanaharakati wa upinzani, alipopendekeza Februari 1990, katika kikao cha Meza ya Duara kilichowakutanisha serikali na wapinzani wake, kwamba iundwe taasisi ya kulinda haki za raia juu ya mali ya umma kabla haijanyakuliwa na wajanja. Raia wangepewa hati za fungu lao. Serikali ya Hans Modrow iliamua kuiunda taasisi hiyo tarehe 1 Machi 1990, lakini hati hazikuwamo.

Baada ya uchaguzi wa mwezi huo, bunge jipya lilipitisha sheria ya tarehe 17 Juni 1990, na madhumuni yakageuka. Sasa mkono wa amana ulitakiwa kubinafsisha. Sheria ilisaza uwezekano kwamba siku za usoni raia wangepata hati za fungu lao, mradi kubaki kitu baada ya kazi ya ukarabati kugharimiwa. Hakikubaki kitu, na hati hizo hazikutolewa kamwe. Ni kweli kwamba bunge lililoidhinisha sheria hiyo lilikuwa limechaguliwa kwa kura huru, kwa hiyo haifai kudai kwamba wananchi waliibiwa usiku wakiwa wamelala. Hata hivyo, jina la taasisi halikubadilishwa pamoja na kazi yake. Iliendelea kuitwa mkono mwaminifu, na kila mtu aliyelisikia jina hilo aliendelea kuitarajia ahadi iliyokuwa ndani yake.

Wiki mbili baada ya sheria hiyo, tarehe 1 Julai 1990, sarafu ya Magharibi ilianza kutumika Mashariki. Mishahara ilibadilishwa kwa kiwango cha moja kwa moja. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa kuwa walikuwa wameandamana wakiidai sarafu hiyo. Kwa viwanda lilikuwa pigo la shoka. Hapo awali, ili kuchuma mark moja ya Magharibi kwa kuuza bidhaa nje, kiwanda cha Mashariki kilitumia zaidi ya mark nne za kwake. Sasa mishahara na gharama zote zililipwa kwa mark ya Magharibi. Ni kama mchuuzi aliyelala akiuza embe kwa shilingi kumi, akaamka na kukuta bei yake imepanda mara nne, ilhali embe ni lile lile na jirani yake ana embe zuri zaidi. Wanunuzi wa Mashariki wenyewe walizikimbilia bidhaa za Magharibi, na mwaka uliofuata soko la Muungano wa Kisovieti likaporomoka. Kabla ya 1990 kwisha, uzalishaji wa viwanda ulikuwa umeshuka hadi takribani nusu ya ule wa mwaka uliotangulia. Uamuzi wa sarafu ulikuwa wa kisiasa, na wasimamizi wa viwanda waliukuta mezani. Hili ni jambo la kwanza ambalo mtu anayesoma habari za marekebisho hapaswi kulisahau: anayetumwa kurekebisha aghalabu hukuta mambo makubwa yamekwisha kuamuliwa na wengine.

Tangu Agosti 1990 taasisi iliongozwa na Detlev Karsten Rohwedder, aliyekuwa ameiongoza kampuni ya chuma ya Hoesch mjini Dortmund katika miaka yake ya misukosuko. Mnamo Oktoba alikadiria hadharani kwamba mali yote iliyokuwa mikononi mwake ilikuwa na thamani ya takribani mark bilioni 600. Taasisi ilipofungwa mwishoni mwa 1994, hesabu ilionyesha hasara ya zaidi ya mark bilioni 250. Pengo kati ya tarakimu hizo mbili limezaa mabishano yasiyokwisha. Wapo wanaosema kwamba makadirio ya kwanza yalikuwa ndoto, na wapo wanaosema kwamba mali iliyouzwa yote kwa wakati mmoja, huku kila mnunuzi akijua kwamba muuzaji ana haraka, haiwezi kupata bei. Huenda kila upande una sehemu ya ukweli.

Utaratibu wenyewe haukuwa wa kipumbavu. Kila kampuni ilitakiwa kuandaa mizania mpya kwa sarafu ya Magharibi pamoja na mpango wa kujikwamua. Kamati ya wataalamu iliisoma mipango hiyo na kuipa kila kampuni alama kuanzia 1 hadi 6, kama mwalimu anayesahihisha mitihani. Alama ya 1 ilimaanisha kwamba kampuni inajimudu; alama ya 6 ilimaanisha kwamba haiokoleki. Mnunuzi naye hakuchaguliwa kwa bei pekee. Aliahidi katika mkataba idadi ya kazi ambazo angezihifadhi na kiasi ambacho angewekeza, na akivunja ahadi angeweza kutozwa faini. Ndiyo sababu viwanda kadhaa viliuzwa kwa mark moja. Waliosikia habari za mark moja walidhani ni wizi mtupu. Mara nyingine ulikuwa wizi kweli. Mara nyingine ilikuwa bei halali ya karakana yenye madeni, paa linalovuja na sumu ardhini. Kwa mtu aliyesimama nje ya lango, hakukuwa na njia ya kutofautisha.

Katika barua aliyowaandikia wafanyakazi wa taasisi Machi 1991, Rohwedder alizitaja kazi tatu: kubinafsisha kwa haraka, kukarabati kwa ushupavu na kufunga kwa uangalifu. Mwezi huo huo maelfu ya watu waliandamana mjini Leipzig wakiilaani taasisi yake. Usiku wa tarehe 1 Aprili, Jumatatu ya Pasaka, alipigwa risasi kupitia dirishani nyumbani kwake Düsseldorf. Kundi la Rote Armee Fraktion lilidai kuhusika. Aliyefyatua risasi hajahukumiwa hadi leo. Nafasi yake ilichukuliwa na Birgit Breuel, aliyewahi kuwa waziri katika serikali ya jimbo la Niedersachsen. Chini yake kasi ilizidi, na kati ya kazi tatu za barua ile, ya kwanza ikazimeza nyingine mbili.

Yafaa kulitaja pia jengo ambamo kazi hiyo ilifanyiwa. Taasisi ilihamia katika jumba kubwa la mawe jijini Berlin lililojengwa miaka ya 1930 kwa ajili ya wizara ya usafiri wa anga ya utawala wa Wanazi. Humo ndimo Ujerumani Mashariki ilimotangazwa Oktoba 1949, na mbele yake ndipo wafanyakazi wa ujenzi walipokusanyika Juni 1953 kuipinga serikali iliyojiita yao. Baada ya mauaji yale jengo lilipewa jina la Rohwedder, na sasa ni makao ya Wizara ya Fedha. Serikali tofauti zilipita katika vyumba vyake, na wakati wa kila mojawapo walikuwapo watu waliosimama nje wakitaka kujua nini kinaamuliwa ndani.

Hakuna waliosimama nje kwa uchungu zaidi kuliko wachimbaji wa Bischofferode. Katika kijiji hicho cha Thuringia kulikuwa na mgodi wa chumvi ya potasiamu, ambayo hutengenezewa mbolea. Mgodi ulikuwa na wateja Magharibi, na wachimbaji wake waliamini kwamba bidhaa yao ilikuwa bora. Mwaka 1993 taasisi iliamua kuunganisha migodi ya Mashariki na kampuni ya Kali und Salz ya Magharibi, na kwa mujibu wa mpango huo Bischofferode ilikuwa ifungwe. Hoja ilikuwa kwamba chumvi imezidi sokoni. Wachimbaji walijibu kwamba, kama ni hivyo, kwa nini asiachwe afe aliye dhaifu badala ya kuuawa aliye na wateja? Waliukalia mgodi, na tarehe 1 Julai 1993 baadhi yao wakaanza kususia chakula. Mgomo uliendelea hadi Septemba. Wanasiasa walifika, wachungaji walifika, waandishi wa habari walifika. Wafanyakazi wa sehemu nyingine walibeba mabango yaliyosema kwamba Bischofferode iko kila mahali. Mkataba wa muungano, uliobeba hatima ya watu takribani 700, hawakuonyeshwa. Mgodi ulifungwa siku ya mwisho ya mwaka huo.

Huenda mtaalamu wa uchumi akathibitisha kwamba uamuzi ule ulikuwa sahihi, kwamba migodi miwili isingeweza kuishi pale penye soko la mmoja. Tuseme amethibitisha. Bado swali la wachimbaji halijajibiwa, kwa sababu hawakuomba tu kazi. Waliomba kuonyeshwa hesabu. Mtu aliyewekewa amana hawezi kumwambia mwenyewe kwamba habari za mali yake ni siri ya biashara.

Wako pia wale ambao hata mgomo wao haukusikika. Viwanda vya nguo vilikuwa vya wanawake zaidi, na vilikuwa miongoni mwa vilivyoporomoka mapema. Katika nchi ambamo karibu kila mwanamke alikuwa na kazi, ghafla maelfu walitakiwa kurudi jikoni. Idadi ya watoto waliozaliwa Mashariki ilishuka kutoka takribani 199,000 mwaka 1989 hadi takribani 79,000 mwaka 1994. Hakuna safu ya mizania inayoweza kuandikwa hofu ya namna hiyo. Nao wafanyakazi wa mkataba kutoka Vietnam, Msumbiji, Angola na kwingineko ndio waliokuwa wa kwanza kuonyeshwa mlango. Sehemu ya mishahara ya Wamsumbiji ilikuwa imekatwa kwa ahadi kwamba wangeilipwa watakapofika kwao. Walipofika, wengi hawakuipata kama walivyoahidiwa, na kwa miongo kadhaa wameandamana mjini Maputo wakiidai. Kwao methali ya wahenga ilitimia bila kupunguzwa: mali ilipotea, na daftari halikuonekana.

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kusimulia misiba pekee. Mjini Jena, kiwanda mashuhuri cha miwani na darubini cha Carl Zeiss kilipoteza maelfu ya wafanyakazi, lakini sehemu yake iligeuzwa kuwa kampuni ya Jenoptik chini ya Lothar Späth, aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo la Baden-Württemberg. Alipewa mabilioni ya mark ya umma na miaka ya kufanyia kazi, na mnamo 1998 kampuni iliingia katika soko la hisa. Kiwanda cha chuma cha Eisenhüttenstadt, baada ya mnunuzi mmoja kujitoa, kilipata mwingine kutoka Ubelgiji; kilibaki na sehemu ndogo tu ya wafanyakazi wake, lakini tanuru halikuzimika. Mjini Zwickau gari la mwisho la Trabant lilitoka kiwandani tarehe 30 Aprili 1991, na karibu na hapo Volkswagen ikajenga kiwanda kipya. Penye mafanikio, mara nyingi palikuwa na mambo matatu: muda, fedha, na mtu aliyejulikana kwa jina ambaye wafanyakazi waliweza kumuuliza. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi lazima apewe moto na chuma.

Neno la tatu la Kijerumani ndilo lililoacha kovu. Ni Abwicklung, neno lililotumiwa kwa kufunga kampuni na kumaliza shughuli zake. Mzizi wake ni kuzonga kitu, kama uzi kwenye kibiringo. Kiambishi cha mwanzo kinaleta maana ya kuutoa ule uzi. Mwanafunzi wa Kiswahili atakumbuka kauli ya kutendua: zonga, zongoa, funga, fungua, tega, tegua. Ofisini lilikuwa neno baridi la kisheria. Mitaani liligeuka kuwa neno la kumhusu mtu. Mfanyakazi alisema kwamba yeye mwenyewe amezongolewa, kana kwamba miaka yake thelathini ilikuwa uzi ambao mtu alikuwa ameushika upande wa pili na kuuvuta.

Majirani nao walijitungia msamiati wao. Urusi iligawa vocha kwa raia wote kuanzia Oktoba 1992, na Anatoly Chubais, aliyesimamia kazi hiyo, alitabiri kwamba vocha moja ingefikia thamani ya magari mawili aina ya Volga. Mfumko wa bei uliila thamani hiyo, wengi wakaziuza vocha kwa bei ya kutupa, na viwanda vikubwa vikaishia mikononi mwa wachache. Warusi walilichukua neno lao la ubinafsishaji, privatizatsiya, wakalibadilisha silabi za mwanzo ili likaribiane na kitenzi cha kunyakua, likawa prikhvatizatsiya. Chekoslovakia nayo iliuza vitabu vya vocha kwa bei nafuu, na mifuko ya uwekezaji ikazikusanya kwa ahadi za faida kubwa. Baadaye Wacheki walipata neno tunelování, kuchimba handaki, kwa kitendo cha meneja anayeitoa mali ya kampuni chini kwa chini hadi libaki ganda. Hapo raia walikuwa wamepewa hati ambazo Wajerumani wa Mashariki walinyimwa, na bado walidhulumiwa. Ni ushahidi kwamba hati peke yake haitoshi: mwenye hati asiye na habari hana tofauti kubwa na asiye na hati.

Kiswahili nacho kimeshiriki katika safari hii ya maneno. Azimio la Arusha la 1967 lililieneza neno utaifishaji, kutoka taifa. Miaka ya 1990, Tanzania ilipoyarekebisha mashirika yake ya umma, na Kenya nayo ikiyarekebisha ya kwake, likaenea ubinafsishaji, kutoka binafsi. Mwanaisimu ataona kwamba maneno haya mawili, yanayopingana kimaana, yameundwa kwa njia moja. Yote yamebeba kiambishi cha kusababisha: kutaifisha ni kukifanya kitu kiwe cha taifa, kubinafsisha ni kukifanya kiwe cha mtu binafsi. Kitenzi cha namna hiyo hudai mtenda. Nani anakifanya kitu kiwe hivyo, na kwa idhini ya nani? Lakini kitenzi kikigeuzwa kuwa nomino dhahania, mtenda hutoweka. Gazeti linaweza kuandika kwamba 'ubinafsishaji umekamilika' bila kumtaja yeyote aliyeuza, aliyenunua au aliyefukuzwa. Sarufi haikuumbwa ili kuficha watu, ila huwasaidia wanaotaka kujificha. Msomaji makini hukirudisha kitenzi mahali pake na kuuliza nafsi ni ipi.

Swali hilo lilipoulizwa Ujerumani Mashariki, majibu yake yalikuwa machungu. Sehemu kubwa mno ya mali ya viwanda ilinunuliwa na watu wa Magharibi. Wenyeji walipata sehemu ndogo, hasa ya makampuni madogo, kwa kuwa hawakuwa na mtaji wala benki iliyowajua. Kati ya kazi milioni 4 za mwanzo, zilizoahidiwa kuhifadhiwa hazikuzidi sana theluthi. Fedha zilizotengwa kuvikarabati viunda vya meli vya Wismar na Stralsund zilimezwa na kampuni mama, Bremer Vulkan ya Magharibi, iliyofilisika mwaka 1996. Mwishoni mwa Desemba 1994, Bi. Breuel alikifungua kibao cha taasisi ukutani kwa bisibisi mbele ya wapiga picha. Kwa upande wa ratiba, kazi ilikuwa imekamilika. Wasimamizi wachache duniani wamewahi kumaliza jambo kubwa kiasi hicho kwa wakati uliopangwa.

Na daftari? Lilikuwapo, lote, ila lilifungiwa. Mkataba wa Bischofferode ulijulikana kwa umma mwaka 2014, zaidi ya miaka ishirini baada ya mgomo. Mwanahistoria Marcus Böick alichapisha utafiti wake mkubwa kuhusu taasisi hiyo mwaka 2018, na katika miaka iliyofuata watafiti wamezidi kuruhusiwa kuzisoma nyaraka zake. Hilo ni jema. Lakini mchimbaji aliyekuwa na umri wa miaka 50 aliposusia chakula mwaka 1993 sasa, ikiwa yu hai, amepita miaka 80. Habari zinamfikia wakati hana la kuzifanyia. Maamuzi ambayo huenda angeyakubali akielezwa siku ile, leo anayakumbuka kama dhuluma, na huenda watoto wake wameirithi kumbukumbu hiyo bila kuuona mgodi.

Methali ya wahenga ina nomino tatu: mali, daftari na habari. Wasimamizi wa marekebisho huishughulikia ya kwanza, na walio waadilifu huiheshimu ya pili. Ya tatu huchukuliwa kuwa pambo la kumalizia sentensi. Kisa cha Treuhandanstalt kinaonyesha kwamba ndiyo iliyobeba uzito wa methali nzima. Daftari halikuwekwa kwa ajili ya mwandishi wake. Liliwekwa ili mwenye mali, siku atakapopiga hodi na kuuliza, afunguliwe ukurasa ule ule siku ile ile, kwa lugha anayoielewa, hata kama kilichoandikwa humo kitamliza.